Jicho la Mwalimu Tarehe

Wanafunzi walimwita Mwalimu Tarehe, na wala hawakumwonea. Mwanamke huyu hakuweza kukuambia kwamba paa la bwalo linavuja mpaka kwanza akueleze liliezekwa mwaka gani, na mafundi gani, na kwa nini fundi mkuu aligombana na wenzake. Ukimuuliza viatu vyake kavinunua wapi, vuta kiti kabisa ukae. Alifundisha Historia katika shule ileile ya sekondari aliyosoma yeye mwenyewe, akaishi katika nyumba za walimu nyuma ya maabara, vyumba viwili na jiko la nje. Mume aliwahi kuwa naye. Tarehe ya ndoa anaijua na ya kuachana anaijua, lakini hizo hazituhusu.

Mtoto aliyekuwa naye ni binti wa dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani, akafariki binti akiwa bado shule ya msingi, na mtoto akaja kwa mama yake mdogo na begi moja la nguo na futi ya kushonea ya marehemu, ile ya kitambaa, imeviringwa kama konokono. Wiki ya kwanza hakulia wala hakusema. Alipima. Alipima kitanda, dirisha, kizingiti, na mbuzi wa jirani aliyekubali kusimama. Kisha jioni moja akasema, "Mama mdogo, hiki kitanda chako hakiwezi kupita mlangoni. Kiliingiaje?"

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kitanda kilikuwa kimeungwa humohumo ndani na seremala, mwaka ambao bila shaka aliutaja. Tangu hapo mtoto akaitwa Futi, nyumbani na shuleni, hata jina lake halisi likabaki la kuitia mahudhurio tu.

Futi alipokua, futi ya kitambaa haikumtosha. Akaanza kuchora ramani. Alichora nyumba za walimu, bomba, choo, njia ya mkato ambayo walimu wa zamu hujifanya hawaijui. Akapima kwa hatua, akarudi, akapima tena. Siku moja wakiwa mezani alisema anataka kuwa mpima ardhi. Alilisema bila madoido, kama mtu anayesema anataka chumvi.

"Basi Jiografia usiiache," mama yake mdogo akamjibu. "Chuo cha ardhi hakikupokei bila Jiografia ya kidato cha nne. Hata ulie machozi ya damu."

Na alijua anachosema, kwa kuwa mbali na Historia, yeye ndiye alikuwa mwalimu mshauri. Mzazi akitaka kujua uuguzi unadai somo gani, sheria inadai lipi, ualimu unadai nini, alipelekwa kwake. Masharti ya vyuo alikuwa nayo kichwani kama watu walivyo na majina ya watoto wao. Alikuwa na msemo wake aliopenda kuwapa wazazi: mtoto achaguliwe jina, somo achague mwenyewe.

Sasa ni vizuri kuuelewa utaratibu wa shule ile, maana kisa chote kimekalia hapo. Katika masomo ya jamii, Uraia ulikuwa wa lazima kwa kila mtu, na hapo hapakuwa na mjadala. Juu ya Uraia, kila aliyeingia kidato cha tatu alitakiwa kuchagua somo moja kati ya matatu: Historia, Jiografia au Uchumi. Moja tu, kwa sababu yote matatu yalifundishwa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyezaliwa na makalio ya akiba ya kukalia madarasa mawili. Somo lililokosa wanafunzi kumi na tano halikupangiwa kipindi.

Shule nyingine huchagua kwa karatasi. Pale walichagua kwa miguu. Mkuu mmoja wa zamani alichoshwa na karatasi zinazojazwa na baba, shangazi na binamu mjuaji, akaamua kwamba mtoto atakwenda kusimama mwenyewe mbele ya mwalimu wa somo analolitaka, watu wote wakiona. Ikaitwa siku ya kusimama. Meza tatu zilipangwa bwaloni, kila mwalimu wa somo nyuma ya meza yake, na wanafunzi wakajipanga foleni mbele ya meza waliyoitaka. Mkuu wa shule alipita akihesabu vichwa, na kabla hajagonga kengele mtu aliruhusiwa kuhama foleni. Baada ya kengele, umesimama.

Kwa miaka mingi foleni ya Historia ilikuwa nene. Halafu ikaanza kukonda. Watoto walisema Uchumi una pesa, Jiografia ina picha, na Historia ina Mwalimu Tarehe. Mwalimu wa Jiografia, bwana mwembamba waliyemwita Dira, alikuwa mtani wake mkubwa katika chumba cha walimu.

"Dada, somo lako ni la marehemu," alikuwa akimwambia.

"Na lako la mawe, kaka. Angalau marehemu waliwahi kusema kitu."

Utani huo ulinoga foleni zilipokuwa zinakaribiana. Mwaka ule, siku ya kusimama, foleni ya Dira ilifika mlango wa jikoni, na ya Uchumi ilijikunja mara mbili. Ya Historia mtu angeweza kuifunika kwa mwavuli. Mkuu alipita, akahesabu, akarudi akahesabu tena kwa hisani. "Kumi na wanne," akasema, na mkono wake ukaelekea kengele, bila haraka.

Mwalimu Tarehe akainua macho. Futi alikuwa kwenye foleni ya Jiografia, karibu na mbele, anacheka na wenzake, daftari la kuchorea kwapani. Mwalimu hakumwita. Hakumpungia mkono. Alimtazama tu. Na jicho lile halikuwa la mwalimu, lilikuwa la mama mdogo. Ni jicho ambalo Futi alilijua tangu siku ya mazishi, la mtu mzima ambaye hana wa kumsaidia isipokuwa wewe.

Futi akaacha kucheka. Akatazama viatu vyake. Kisha akatoka kwenye foleni, akavuka bwalo lote peke yake, akasimama nyuma ya yule wa kumi na nne. Bwalo likapiga makofi, maana watoto hupenda chochote kinachookolewa dakika ya mwisho, na mkuu akagonga kengele.

Tusimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: Mwalimu Tarehe alijua alichofanya. Hakupitiwa. Masharti ya chuo cha ardhi aliyatamka kwa ulimi wake mezani kwake. Ila pale bwaloni aliona kabati lake la vitabu, aliona ubao wake, akajiona yeye mwenyewe amegeuzwa mwalimu wa Uraia, somo ambalo hakuna anayelichagua kwa kuwa hakuna anayeweza kulikataa, na fahari ikamshinda. Akamlipisha mtoto wa dada yake bei ya hiyo fahari.

Siku chache alikuwa na furaha ya mwizi, ile ya kutembea haraka na kusalimia watu kwa sauti. Alijiambia Historia nayo ina milango yake: kuna sheria, kuna uandishi wa habari, kuna makumbusho. Alijiambia watoto hubadilika, leo mpima ardhi kesho rubani. Alijiambia mengi. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikula naye, kikalala naye, kikambebea na begi kwenda darasani.

Maana Futi hakununa. Angenuna, mama yake mdogo angepata pa kushikia. Angemkaripia, wangegombana, wangepatana. Futi alikuja darasani mapema, akakaa dawati la mbele, akaandika kwa mwandiko uleule ulionyooka. Jaribio la kwanza akashika nafasi ya kwanza. Mwalimu aliposahihisha karatasi ile alitafuta kosa kwa bidii, akatamani walau moja, akakosa. Ramani zilikoma. Daftari la kuchorea lilihamia juu ya kabati, na futi ya marehemu ikaviringwa ikawekwa juu yake.

Dira naye aliacha utani, na hilo lilimuuma kuliko utani wenyewe. Mara moja tu aligusa, wakiwa wawili chumba cha walimu.

"Yule mtoto, dada," alisema akikoroga chai iliyokwisha kukorogeka, "alikuwa ananiuliza maswali ambayo ilibidi nikasome kwanza ndipo nimjibu. Sasa hivi najibu bila kusoma. Nimekuwa mvivu."

Mwalimu akajitia hamnazo, akauliza kama chaki zimekuja.

Siku nyingine ikamjia ya kumkata maini. Seremala mmoja, mzazi, aliyekuwa amemganda binti yake achukue Uchumi, alikuja kumshukuru. Mwaka jana Mwalimu Tarehe alimkalisha kitako akamwambia amwache mtoto asimame anapotaka. Binti kasimama Jiografia, na sasa nyumbani kuna amani.

"Ulinifungua macho, mwalimu," seremala alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Uliniambia mzazi anayemchagulia mtoto somo anajichagulia yeye. Neno hilo nawaambia hata wenzangu kazini."

Mwalimu akaitikia kwamba ndiyo, ni kweli. Mkuki kwa nguruwe. Seremala alipoondoka, alikaa palepale kwenye benchi la veranda, kengele ya kipindi ikalia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alichelewa darasani.

Muhula ulipokuwa unaishia wakaja wapima ardhi. Shule ilikuwa inataka mawe yake ya mpaka yahakikiwe, na jiwe mojawapo lilikuwa nyuma ya nyumba za walimu, hatua chache kutoka dirisha la Mwalimu Tarehe. Mkubwa wao alikuwa mama mnene mwenye kofia ya jua na sauti ya kuamrisha hata mawingu. Mwalimu alikuwa ndani anachambua maharage. Akamwona Futi akisogea, akisimama, akisogea tena, mpaka yule mama akamwona.

"Shikamoo," Futi akasema.

"Marahaba, binti. Hebu njoo unishikie hii." Akampa ile fimbo ndefu yenye mistari myekundu na myeupe, mwenyewe akarudi kwenye chombo chake chenye miguu mitatu. Akachungulia, akanyanyua kichwa. "Umewahi kuishika hii wewe?"

"Hapana. Ila nadhani lazima isimame wima. Ikilala kidogo, kipimo kitadanganya."

"Nani kakufundisha?"

"Naona tu."

Yule mama akacheka. Wakafanya kazi kwa muda, Futi akisogea anapoambiwa, akisimama kimya, uso wake umefunguka namna ambayo Mwalimu hakuwa ameiona tangu siku ya kusimama. Halafu mama yule akauliza, kama mtu anavyouliza saa ngapi, "Jiografia unapata ngapi?"

Ndani, mikono ikasimama juu ya ungo.

"Sisomi Jiografia," Futi akasema. "Niko Historia."

"Kwa nini sasa?"

"Nilichagua."

"Kwani hujui chuo chetu kinataka Jiografia?"

"Najua."

"Unajua, na ukaiacha?"

"Ndiyo. Historia pia nzuri."

Hakugeuka kutazama dirisha, hata kwa pembe ya jicho. Hilo Mwalimu Tarehe aliliona vizuri. Mtoto alikuwa anajua fika kwamba yumo ndani, anasikia, na alikuwa anamsitiri. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kigoda na ungo mapajani. Alipotazama maharage yake akakuta ametupa mazima na kubakiza vijiwe.

Asubuhi yake akapiga moyo konde, akaenda kwa mkuu wa shule. Mkuu huyu wa sasa alikuwa mwanamke wa maneno machache na miwani mikubwa.

"Nataka Futi ahamie Jiografia," Mwalimu akasema.

"Kesho ni siku ya kuvuka, nafasi ya kubadili somo. Anayetaka atavuka."

"Akivuka nitabaki na kumi na wanne."

"Kuhesabu najua, mwalimu."

"Na somo?"

"Litafungwa kwa darasa hilo. Wewe utachukua Uraia, madarasa yote." Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Yeye mwenyewe amesema anataka?"

"Hawezi kusema."

"Kwa nini hawezi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kulitapika. Neno lilifika mpaka kwenye meno. "Ana adabu sana," Mwalimu akasema, na akajichukia.

Mkuu akaivaa miwani yake tena. "Simhamishi mwanafunzi kwa ombi la mzazi. Ndiyo maana hapa tunasimama. Kama anataka, miguu anayo."

Jioni, mezani, alianza kwa mbali kama kawaida yake, akieleza siku ya kuvuka ilianzishwa lini na kwa sababu gani. Futi akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

"Kwa hiyo kesho unaweza kuvuka," Mwalimu akamalizia.

"Kwenda wapi, mama mdogo?"

"Jiografia. Si ndiko unakotaka?"

"Mimi niko sawa tu. Nikivuka darasa lako litafungwa."

"Hilo si la kwako."

"La nani sasa? Tunakula sahani moja."

"Futi, mimi ndiye mkubwa hapa. Nakuambia uvuke."

Futi akakusanya sahani, akapanga ndogo juu ya kubwa. "Nikivuka kwa kuwa umeniambia," akasema, bila ukali wowote, "si utakuwa umenichagulia tena?"

Akatoka na vyombo kwenda bombani. Lile "tena" likabaki mezani na Mwalimu, halina pa kwenda. Kumbe mtoto alijua. Alijua tangu kule bwaloni, akavuka huku anajua, akakaa muhula mzima dawati la mbele huku anajua. Watu husema majuto ni mjukuu, yaani huja baadaye; ya Mwalimu Tarehe yalikuwa mtoto wa kumlea, yako bombani yanaosha sufuria.

Siku ya kuvuka meza zilipangwa vilevile. Wanafunzi wakajipanga kwenye foleni zao za mwanzo wa muhula, na mkuu akatangaza: nafasi ni hii, anayetaka kubadili avuke sasa, kengele ikilia hakuna tena hadi mtihani wa mwisho. Futi alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya Historia, mikono nyuma. Alikuwa akimtazama mama yake mdogo usoni, anamsoma, kama anavyosoma kipimo.

Mwalimu Tarehe akajaribu kutabasamu. Akahisi tabasamu lenyewe limekaa vibaya, linaomba. Akajaribu kuukaza uso, akajua sasa unaonekana wa kuonewa. Akagundua kwamba uso wake haukuwa na namna yoyote ya kukaa ambayo haikumvuta mtoto. Basi akasimama, akashika kiti chake, akakigeuza, akaketi kuelekea ukutani, mgongo kwa watu wote.

Bwalo likaangua kicheko. "Mwalimu, vipi?" mkuu akauliza.

"Naomba niwe hivi mpaka kengele."

Kicheko kikafa taratibu. Mbele yake palikuwa na ukuta wa kijani uliobambuka rangi, na msumari usiokuwa na kitu. Alisubiri. Kwa kitambo hakusikia chochote, na akaanza kuogopa kwamba amechelewa, kwamba mtoto amekwisha kuzoea kubaki. Kisha akasikia viatu. Vilitoka nyuma ya foleni, vikasita, vikaanza kuvuka sakafu ya saruji, na kila hatua aliitambua, maana viatu vile alivinunua yeye na kisigino kimoja kilikuwa na msumari uliochomoza.

Alhamdulillahi, akasema moyoni. Alikuwa amejiandaa kwa jozi moja ya viatu.

Ikafuata nyingine. Akadhani ni mwangwi. Ikafuata ya tatu, nzito, halafu mbili kwa pamoja zinazoburuta, halafu tatu zilizofuatana, halafu moja ya mbiombio kama ya mtu anayeogopa kengele. Mwalimu Tarehe alitazama ule msumari ukutani. Kila jozi ilimletea sura. Yule kijana mrefu ambaye Mwalimu alimwambia bombani kwamba ana kichwa cha Historia, akamwekea mkono begani, hakuuondoa mpaka alipoitikia. Wale mapacha ambao mama yao aliwahi kusaidiwa naye, na yeye akahakikisha wanakumbuka. Yule wa mbiombio, ambaye Mwalimu alimwuliza tu, mwanzoni mwa mwaka, "Na wewe utaniacha?" Hakuwa amemtazama Futi peke yake. Futi alikuwa wa kumi na tano tu.

Kengele ikagongwa. Alipogeuka, mbele ya meza yake walikuwa wamebaki sita.

Dira alikuwa ameinama, anachezea kifuniko cha kalamu, hataki kuonekana ameshinda. Mkuu hakuhesabu, hapakuwa na haja. Katika wale sita kulikuwa na binti mmoja mkimya wa kukaa dirishani, ambaye muhula mzima hakuwahi kumpa usumbufu wala kuhitaji kutazamwa. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na sisi tunaoipenda tutakwenda wapi?"

Mwalimu Tarehe, aliyekuwa na jibu la kila swali pamoja na mwaka wake, akasimama kutoka kitini. Kama asingewavuta wale tisa tangu mwanzo, hawa sita wangejua mapema kwamba darasa halijai, wangechagua kingine kwa moyo mmoja, wasingepoteza muhula. Hilo nalo likawa lake. "Nisameheni," akawaambia, mbele ya bwalo zima, na hakuongeza maelezo.

Jumamosi iliyofuata Futi alirudi kutoka kwa Dira na tepu ndefu ya kupimia, ya chuma, amekabidhiwa kwa onyo kali. Kazi ya kwanza ya Jiografia: apime kiwanja anachoishi na kukichora. Alisimama mlangoni nayo, anazungukazunguka.

"Mama mdogo, samahani," akasema.

"Ya nini?"

"Kwa darasa lako. Sikujua kama na wengine wangenifuata. Ningejua…"

"Ungejua usingevuka."

Mwalimu akaweka chini kitabu cha Uraia alichokuwa anajisomesha, maana muhula ukifunguliwa angekuwa na kidato cha kwanza. Mtoto ndiye aliyekuwa anamwomba radhi yeye. Dunia ilikuwa imegeuzwa miguu juu na aliyeigeuza ni yeye.

"Siku ile ya kusimama," akasema, "nilikutazama makusudi. Nilijua chuo kinataka nini. Nilijua, nikakutazama."

"Najua."

"Na hukuniambia kitu."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa umebaki peke yako pale." Futi akainama, akatoa ncha ya tepu kwenye kikasha chake, akampa. "Njoo unishikie huku. Weka kwenye jiwe, palepale kwenye alama."

Mwalimu akatoka, akachuchumaa kwenye jiwe la mpaka, akaibana ncha kwa kidole gumba. Futi akarudi nyuma akiiachia tepu, akapita jikoni, akapita kamba ya nguo, mpaka akafika ukingo wa mbali wa kiwanja. Akavuta. Tepu ikanyanyuka, ikapinda, ikalegea. Mwalimu alikuwa amesahau kuikaza. Alikuwa akimwangalia mtoto, anatafuta usoni kama amesamehewa.

"Usinitazame mimi, mama mdogo," Futi akamwambia kutoka kule. "Tazama tepu."

Akaitazama tepu.